BMW E90: busta (kikuza sauti) ya kiwandani imeoza kwa maji, nataka kufunga nyingine lakini sitaki sabufa (spika kubwa ya besi)

BintiPongwe

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kabla sijatoa hela tena.

Gari ni BMW 320i ya 2008, bodi ya E90, imetoka Japani. Niko nayo mwaka wa nne. Kila mwisho wa mwezi natoka Dar kwenda Tanga kumwona mama, na safari ile ndiyo nafasi yangu pekee ya kusikiliza muziki bila mtu kunisemesha. Baba yangu alikuwa mpiga fidla. Alipofariki alituachia kanda sitini na kitu, taarabu tupu: za Unguja zenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na udi, na za Tanga za enzi za Black Star na Lucky Star, zile zilizojaa magitaa. Kaka yangu amezihamishia zote kwenye simu, nami nazipiga kwa waya wa AUX. Kwa hiyo mkisema muziki wa gari, mimi nawaza sauti ya mwimbaji na nyuzi. Sitaki vioo vitetemeke.

Masika ya mwaka huu maji yaliingia kwenye buti, upande wa kushoto. Sikugundua mpaka siku natoka Tanga, nimeshapita Segera, sauti ikaanza kukatika ikirudi, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Redio inawaka vizuri, spika zote kimya.

Fundi wa kwanza alifungua ubavu wa buti, akanionyesha busta ya kiwandani: pini zimeota kutu ya kijani, ndani maji. Akaitoa, akaunganisha waya za redio moja kwa moja na spika. Sauti ikarudi, lakini nyembamba, na nikipandisha kidogo tu sauti ya milangoni inapasuka. Nikaenda kwa wa pili. Yeye akafunga busta ya chaneli (njia za sauti) nne, sauti ikawa kubwa lakini ya kelele, na siku ya tatu gari halikuwaka. Kwenye dashibodi kabla ya hapo lilikuwa linaleta onyo la betri kuisha. Nimechomoa fyuzi ya busta, onyo limetoka. Sasa fundi huyohuyo anasema dawa ni sabufa ya inchi 12 na betri kubwa zaidi, na ametaja laki saba.

Ninachouliza: busta ya kiwandani inaweza kubadilishwa na ya dukani kwenye gari hili na spika zake zilezile zikabaki? Na kwa nini ilikuwa inasikika vizuri hivyo ilhali wote wananiambia ni ya wati chache?

Mbezi_Magari

Dada pole. Ushauri wangu ni wa mkato: ng'oa mfumo wote, weka redio ya Android, spika mpya za inchi sita na nusu milangoni, sabufa nyuma. Nimefanya hivyo kwenye Crown yangu na sijutii. Hayo mambo ya Wajerumani yatakumaliza.

BintiPongwe

Asante kaka. Ila nimefungua mlango kwa macho yangu, spika iliyomo ni ndogo, haifiki hata nusu ya sahani ya chai. Inchi sita na nusu haiingii bila kukata mlango, na mlango sikati.

FundiKisauni

Mwanangu, pole kwa yaliyokupata. Niko Mombasa, nafunga muziki wa magari tangu zama za redio za kanda, na E90 zimepita mkononi mwangu si moja si mbili. Kwanza nikueleze lile boksi lililooza lilikuwa na kazi gani, maana mafundi wako wote wawili hawakujiuliza hilo, na makosa yote yametokea hapo.

Gari lako lina mfumo ambao BMW wenyewe waliuita HiFi, namba 676 kwenye orodha ya vifaa vya gari. Inama utazame chini ya viti vya mbele. Chini ya kila kiti pana spika ya besi imelazwa ndani ya kisanduku chake sakafuni. Milangoni ziko hizo ndogo ulizoziona, za kama sentimita 10, na twita, spika za sauti nyembamba, zimekaa pembeni karibu na kioo cha ubavuni. Nyuma, kwenye kibao cha chini ya kioo, ziko nyingine ndogo. Redio yenyewe haichagui. Inatoa sauti nzima katika njia nne: mbele kushoto na kulia, nyuma kushoto na kulia. Boksi ndilo lililokuwa likigawa: sauti nzito zishuke chini ya viti, nyepesi ziende milangoni. Hiyo ndiyo siri ya wati chache kusikika vizuri. Kila spika ilipewa chakula inachokiweza.

Fundi wa kwanza alipofunga redio moja kwa moja milangoni, spika za chini ya viti alizinyamazisha, kisha zile ndogo akazitwika mzigo wote, besi na kila kitu. Spika ya sentimita 10 ukiipa besi ya gitaa inaruka mpaka mwisho wa pumzi yake. Huko kupasuka unakokusikia ndiko huko. Wa pili sina shaka amekufungia busta bila kugusa vitufe vya kugawa sauti, au spika za chini ya viti hajui kama zipo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, inabadilishika, spika zikabaki zilezile. Busta ya chaneli nne inakutosha: mbili za milangoni pamoja na twita zake, mbili za chini ya viti. Za nyuma, kama unazitaka, ziache zipate sauti kutoka kwenye redio yenyewe kama zilivyo sasa, halafu uzishushe kwa kile kipimo cha mbele na nyuma kwenye redio. Mimi kwa mtu anayesikiliza taarabu nazizima kabisa. Mwimbaji anatakiwa akae mbele yako, juu ya dashibodi. Ukiwa na spika nyuma ya kisogo anavutwa huku na huku.

Sasa hatari zenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Waya zinazotoka kwenye redio kuja butini ni jozi, na zote mbili zina sauti. Washa redio, weka tester (mita ya umeme) kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu gusa waya mmoja wa spika, kisha wa pili. Ukisoma kama volti 6 kwenye kila mmoja, ujue hakuna hata mmoja ulio ethi (waya wa bodi). Mafundi wengi wanachukua waya mmoja kati ya hizo mbili, wanaufunga kwenye ganda la nje la RCA, ile plagi ya kuingizia sauti kwenye busta, na lile ganda ndani ya busta limeungana na ethi. Hapo umeipiga redio shoti nusunusu. Bahati ikiwa nzuri utapata kelele tu. Kelele yako nahisi imetoka huko. Tazama busta uliyonayo kama ina soketi ndogo ya kuingizia waya za spika zenyewe. Nyingi siku hizi zinayo. Kama haina, kuna kiboksi cha kushusha sauti ya spika kuwa ya RCA, si ghali.

Waya wa kuamshia busta: huyo fundi ameufunga kwenye moto wa moja kwa moja, usiozimika na redio, ndiyo maana busta haikulala na betri ikaisha. E90 ina kipimo cha umeme kwenye kichwa cha hasi cha betri, na gari linajua likiwa limezimwa kuna kitu kinanyonya. Lile onyo lilikuwa la kweli, halihitaji betri kubwa. Kwenye soketi ya busta ya zamani pana waya unaotoka redioni wa kuamshia. Utafute kwa tester: redio ikiwaka unasoma volti 12, redio ikizimwa na gari likilala unasoma sifuri. Gari hili halilali papo hapo. Fungua buti, bonyeza kufuli la buti kwa bisibisi mpaka lijifunge lenyewe ili gari lidhani buti limefungwa, lifunge kwa rimoti, kaa nusu saa, ndipo upime. Na kabla ya kushusha buti bonyeza kitufe cha kulifungua, ama utavunja kufuli.

Kwa sababu ya kipimo hicho hicho, ethi ya busta usiifunge kamwe juu ya kichwa cha hasi cha betri. Ukifunga pale, umeme wa busta unarudi bila kuhesabiwa na gari linapotea hesabu ya kuchaji. Tafuta bolti ya bodi upande wa kushoto, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, waya usizidi nusu mita.

Chanya ni rahisi kwenye gari hili, betri iko butini upande wa kulia. Waya wa mita mbili unafika. Fyuzi iwe karibu na betri, kiganja kimoja au viwili, si karibu na busta. Fyuzi ipo kuulinda waya usiwake moto ukikwaruzwa njiani. Na waya kabla ya kuununua omba uukwangue kwa kisu. Ukiona ndani ni mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unabeba umeme kidogo kuliko unene wake unavyodai, na kwa hewa yetu ya pwani unaliwa upesi.

Kabla ya yote ziba maji. Usifunge kitu kipya mahali palipooza cha zamani.

Nipimie vitu viwili uniletee majibu: omu (ukinzani) za spika za milangoni na za chini ya viti, waya zikiwa zimechomolewa kwenye busta. Na uniandikie kila kilichoandikwa kwenye busta hiyo mpya, pamoja na fyuzi zilizo ubavuni mwake.

BintiPongwe

Shikamoo fundi. Nimesoma mara tatu na kunakili kwenye daftari. Wiki nzima sikuwa nalala vizuri nikifikiri nimeliharibu gari, sasa angalau najua kilichotokea.

Majibu yako haya hapa. Nilianza na maji. Mdogo wangu aliingia butini na tochi, nikafunga, nikamwagia mpira wa maji kwa dakika tano. Yanaingia kwenye kona ya chini ya taa ya nyuma kushoto. Gasketi imekauka, ukiibonyeza hairudi. Nimeagiza nyingine na nimekausha zulia lote kwa jua.

Spika za milangoni: 3.6 kushoto, 3.5 kulia. Chini ya viti: 1.9 na 1.9. Kweli zipo! Miaka minne nimezikalia.

Waya za redio nimepima, zote zinasoma karibu na 6. Na ni kama ulivyosema, waya mmoja kwa kila upande ulikuwa umesokotwa kwenye ganda la RCA na kuzungushiwa tepu. Nimezitenganisha zote.

Busta usoni imeandikwa wati 1,800. Chini kwa maandishi madogo: 4 x 75 kwa omu 4, 4 x 110 kwa omu 2. Ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 20. Ina soketi ndogo nyeupe imeandikwa HIGH INPUT, na waya wake ulikuwa bado kwenye nailoni ndani ya boksi, hakuuhangaikia.

Njoroge_Ngara

Hamjambo. Naingilia kidogo kwa sababu kuna mwingine atasoma hapa akiwa na E90 yenye mfumo ule mkubwa, Logic 7, namba 677. Mimi nilikuwa nayo. Ile sauti haiji kwa waya wa shaba, inakuja kwa mwanga ndani ya nyuzi za plastiki, na busta ni kiungo kimoja kwenye duara linalopita redio na vifaa vingine. Ukichomoa busta tu, duara limekatika, na redio yenyewe haitaimba. Lazima uchukue kile kiunganishi cha mwanga ukifunge kirudi chenyewe, na hapo bado huna sauti ya kupeleka kwenye busta mpya mpaka ununue kifaa cha kutafsiri mwanga. Kwangu gharama zilinishinda, nikatafuta busta iliyotumika ya aina ileile. Haya aliyoandika fundi ni ya 676 peke yake, kwa hiyo angalia kwanza kama kuna uzi wa plastiki unaoingia kwenye boksi lako.

Kingine, dada amesema anatumia AUX. Ukifunga yote vizuri kisha usikie mluzi unaopanda na kushuka na mafuta, usimlaumu fundi kabla hujachomoa chaja ya simu. Simu ikichajiwa kwenye gari huku waya wa AUX umechomekwa, ethi zinakutana njia mbili na kelele ya alteneta inapenya humo. Kuna kifaa kidogo cha kuweka katikati ya waya wa AUX kinachotenganisha. Mimi nilihangaika wiki mbili nikikwangua bodi kumbe ni chaja.

FundiKisauni

Njoroge amesema kweli yote.

Binti, vipimo vyako ni vizuri. Tester inapima ukinzani wa waya wa koili tu, kwa hiyo 3.6 ni spika ya omu 4, na 1.9 ni ya omu 2. Busta yako inaruhusu omu 2 kwa kila chaneli, basi tuko salama. Ila mtu asije akakwambia aunganishe chaneli mbili kuwa moja kwa ajili ya spika za viti. Zikiunganishwa, kila upande wa busta utaona nusu ya omu hizo, itaungua.

Hizo 1,800 usizitie akilini. Soma fyuzi. Mbili za 20 ni ampea 40, zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwaka, unapata kama wati 550 zinazoingia. Haiwezi kutoa zaidi ya zinazoingia, na nyingine zinaondoka kuwa joto. Hayo maandishi madogo ya 4 x 75 ndiyo ya kuaminika, na kwa spika za kiwandani hizo ni nyingi kuliko unavyohitaji. Ndiyo sababu geini (kitufe cha nguvu ya busta) tutaifunga kwa tester na si kwa sikio.

Fanya hivi. Vitufe vya besi na treble kwenye redio weka sifuri, na vya busta vilevile. Krosova za busta, vile vitufe vya kugawa sauti, zizime kwa muda. Chomoa spika zote. Tafuta kwenye simu mlio wa herzi 50, mlio mmoja ulionyooka, upige kwa AUX, sauti ya simu juu kabisa, redio iwe robo tatu. Tester sasa iwe volti za AC, ncha kwenye vituo vya chaneli za milangoni. Anza geini ikiwa chini kabisa, pandisha polepole mpaka usome 12.6. Acha hapo. Hamia kwenye chaneli za viti, pandisha mpaka 12.6 hiyohiyo. Volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe kisha kugawanywa kwa omu ndizo wati: 12.6 kwa omu 4 ni wati 40, kwa omu 2 ni wati 80. Namba moja inakupa vyote viwili, milango ipate 40 na viti vipate 80. Nimechagua mlio wa 50 kwa sababu tester za bei ndogo zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani. Ukizipa mlio wa juu zinadanganya.

Kisha zima redio, rudisha spika, washa krosova. Milangoni weka HPF (inayopitisha sauti nyepesi) kwenye herzi 120, viti LPF (inayopitisha nzito) kwenye 120. Baada ya hapo kuna jambo moja ambalo watu hawalifanyi. Krosova za busta kama hizi kwa kawaida zinageuza sauti, pale zinapokutana spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti za katikati zinamezwa. Chagua wimbo wa Tanga wenye gitaa la besi linalotembea. Sikiliza. Badilisha chanya na hasi za spika za viti zote mbili. Sikiliza tena. Kwa mpangilio mmoja gitaa litajaa, kwa mwingine litakuwa kama limekaa nyuma ya pazia. Chagua uliojaa.

Na usizipimie sauti hizo kwa nyimbo za sahani za santuri. Najua watu wa taarabu, mtakimbilia Siti binti Saad. Zile zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, hazina besi wala sauti za juu sana, na mchakacho wake ni wa sahani. Ukitumia hizo utazungusha vitufe mpaka kesho ukitafuta kitu ambacho hakimo. Tafuta rekodi safi yenye kanuni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatutatu kwa kila noti. Twita ikiwa sawa utasikia zile tatu zikigombana kidogo, ikiwa mbaya utasikia kengele moja tu.

Mbezi_Magari

Fundi, mimi niliyesema ang'oe kila kitu nimejifunza hapa. Hiyo ya kubadilisha chanya na hasi nimeifanya kwenye Crown leo asubuhi, sabufa na milango. Tofauti ipo na ni kubwa. Miezi minane nilikuwa naongeza besi kufidia.

BintiPongwe

Nimerudi na taarifa.

Gasketi mpya ya taa imeingia, nimemwagia maji tena mara mbili, pakavu. Hakuna uzi wa plastiki kwenye boksi langu, asante kaka Njoroge. Kazi ya kufunga nimeifanya Tanga na kijana mmoja jirani yetu aliyesomea umeme VETA, nikimsomea daftari huku anafunga. Waya wa duka la kwanza tuliukwangua, ndani mweupe, tukaacha. Duka la tatu ndiko tulikopata shaba tupu. Waya wa kuamshia tuliupata kwenye soketi ya zamani, na ile ya bisibisi kwenye kufuli la buti imefanya kazi. Nusu saa kamili, sifuri. Gari limekaa siku nne bila kuwashwa, likawaka mara moja, onyo halijarudi.

Geini: milango 12.6, viti 12.5, kijana akasema tusihangaike na hiyo nukta moja ya mwisho. Krosova tuliishia 120 kwa milango na 110 kwa viti. Viti tukavigeuza chanya na hasi, na hapo ndipo gitaa la besi lilipotoka chini ya kiti likaja kukaa mbele pamoja na mengine. Tulikaa garini, mimi na kijana na mdogo wangu, tukasikiliza upande mzima wa kanda bila mtu kusema. Kwenye kanda moja ya Unguja zinasikika fidla tatu, na ya baba ni ile inayochelewa kidogo kuingia. Kila mtu nyumbani alikuwa anasema hivyo na mimi nilikuwa naitikia tu. Sasa naisikia mwenyewe.

Mluzi ulikuwepo. Ilikuwa chaja.

Fundi, limebaki moja. Jana nilimpakia mama kwenda hospitali ya Bombo. Anaipenda sauti, ila amekaa kiti cha kushoto na anasema besi inampiga mgongoni, na mgongo wake ni mbovu. Nikipunguza besi kwenye redio naipoteza na mimi upande wangu. Naweza kushusha kiti cha kushoto peke yake?

FundiKisauni

Marahaba, na hongera. Mpe mama salamu zangu.

Kwa busta hiyo, geini ya chaneli 3 na 4 ni kitufe kimoja, kwa hiyo kushoto na kulia vinakwenda pamoja. Usitumie balansi ya redio, itakuvutia mwimbaji upande wako na milango itapotoka. Nenda kwa hali hii: LPF ya viti ishushe kutoka 110 mpaka karibu 90, HPF ya milango iache 120 ilipo. Utaacha upenyo mdogo katikati. Gitaa la besi litapungua mwili kidogo, lakini mtikisiko wa pale karibu na mgongo ndio utakaotulia, maana busta haitasukuma tena zile sauti za juu ya besi kwenye kisanduku cha kiti. Isipotosha, punguza geini ya viti usome 10 badala ya 12.6. Hapo kila kiti kinapata wati 50 badala ya 80, na sikio lako halitaona tofauti kubwa.

Kwa safari za mama peke yake kuna njia rahisi zaidi. Kunja blanketi mara mbili umwekee nyuma ya mgongo, kisha sogeza kiti chake nyuma kabisa, maana kile kisanduku kimefungwa sakafuni na hakisogei na kiti. Jaribu hilo kabla hujafungua bisibisi.

BintiPongwe

Kiti nimekirudisha nyuma na kanga mbili zimetosha. Vitufe sijagusa.